Filamu Iliyokula Mbegu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Hosiana alimsomea bibi yake ujumbe wa simu. Macho ya Bibi Dorosela yaliweza kumtambua kuku wake ng'ambo ya bonde, lakini herufi ndogo za simu yalizikataa. Kwa hiyo Bibi aliketi karibu na moto, amejitanda blanketi kwa sababu ya baridi ya Uwemba, naye Hosiana akachochea kuni, akateleka chai, kisha akasoma.

"Jumuiya inakumbusha usafi wa kanisa Jumapili mapema."

"Vizuri. Endelea."

"Huu mwingine unatoka kwenye kundi la Wadau wa Jemedari."

Bibi aliguna. Alikuwa ameingizwa kwenye kundi hilo na huyu huyu Hosiana, na tangu hapo simu yake haikuwa na amani.

"'Habari za asubuhi, wadau wetu wapendwa,'" Hosiana alisoma kwa sauti ya chini. "'Kazi kubwa inaendelea. Kutokana na sababu za kiufundi, filamu yetu imesogezwa mbele kidogo. Mkae mkao wa kula. Ni mimi, Direkta Eze.'"

"Tangu mahindi yavunwe inasogezwa mbele," Bibi alisema. "Sasa itakuwa imefika Songea."

Hosiana hakucheka. Alikunywa chai yake haraka, akachukua mkoba, akatoka. Nje mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya vilima. Watoto wengine wa Uwemba walifurahi kuyaona. Yeye aliyatazama kama mtu anayetazama polisi wakija nyumbani kwake.

Direkta Eze, ambaye jina lake la ubatizo ni Ezekieli, alikuwa kijana wa Lyamkena, Makambako. Alifika Uwemba wakati wa mavuno akiwa amevaa miwani myeusi, ingawa siku hiyo ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba watu wenye macho mazuri walikuwa wakipapasa njia. Aliwaambia vijana na watoto kwamba anatengeneza filamu fupi iitwayo *Jemedari wa Lyamkena*. Tajiri hakuna, alisema. Wananchi wenyewe wataijenga, kila mtu kwa mchango wake, fedha au kitu. Kila mdau ataiona filamu kabla ya mtu mwingine. Jina lake litaandikwa mwishoni kwa herufi kubwa. Na filamu ikianza kuuzwa, kila mdau atarudishiwa alichotoa, na nyongeza juu yake.

Maneno hayo yalimwingia Hosiana. Alikuwa mwenyekiti wa klabu ya kilimo ya Darasa la Sita, na klabu ilikuwa na magunia mawili ya mbegu za viazi mviringo ghalani, zimechaguliwa moja moja, zinangoja mvua. Alimwambia Ezekieli wazi, "Kaka, hizi ni mbegu. Ni za kuuza kwa wakulima, si za kula. Uza, ukodi kamera."

"Nimekuelewa, mdau," alijibu Ezekieli, huku akiandika ujumbe kwenye simu.

Wenzake walipomuuliza kwa nini ametoa magunia yote mawili, Hosiana alisema, "Mwalimu Yudita ameruhusu." Mwalimu Yudita, mlezi wa klabu, hakuwa ameulizwa hata neno moja.

Sasa mvua ilikuwa inakuja. Mwalimu Mkuu alikuwa ametangaza kwamba darasa litakaloacha ploti yake tupu mvua zikianza, ploti hiyo itapewa darasa jingine. Na kwa viazi vya ploti ile, Darasa la Sita lilitarajia kwenda kuona maua ya hifadhi ya Kitulo. Bila mbegu hakuna ploti, na bila ploti hakuna Kitulo.

Siku hiyo, wakati wa mapumziko, Lameki wa darasa lake alimfuata Hosiana, akiwa na kundi la wavulana nyuma yake. Lameki hakuwa mtoto mbaya, ila ulimi wake haukujua likizo.

"Mheshimiwa Mdau," alisema akiinama kama anayemsalimu askofu, "tumekuja kuuliza. Tupande nini?"

"Mbegu zitakuja."

"Au tupande miwani ya Direkta? Labda itaota miwani midogo midogo, tuvune, tukauze."

Wote waliangua kicheko. Kisha Lameki akaacha mzaha. "Hosiana, Jumatatu Mwalimu Yudita anakagua ghala. Si alikuruhusu? Basi tutamuuliza hapo hapo."

Jioni Hosiana hakuweza kula. Bibi alimtazama, akasogeza sahani pembeni, akasema, "Toa kilichomo." Hosiana akasimulia yote, hata ule uongo kuhusu Mwalimu Yudita.

Bibi alisukuma kuni motoni. "Umekwenda kwenye mgowe mara ngapi na mimi?" aliuliza. Mgowe ni kazi ya kuitana, ambapo jirani anaita wenzake walime shamba lake naye anawaandalia chakula.

"Mara nyingi, Bibi."

"Mwenye mgowe hutuonyesha nini kwanza?"

"Shamba. Linapoanzia na linapoishia."

"Haya. Huyo jemedari wako alikuonyesha nini?"

"Bango," alisema Hosiana. "Yeye mwenyewe, ameshika upanga."

"Bango!" Bibi alilitema neno hilo kama mtu aliyetafuna jiwe kwenye maharage. "Ukatoa mbegu kwa picha ya mtu ameshika upanga. Kalale. Kesho Jumamosi tunakwenda Makambako."

Lyamkena waliuliza nyumba ya Direkta Eze, na hakuna aliyeijua. Walipouliza Ezekieli wa Mama Lidia, hata mtoto wa kutambaa angeweza kuwapeleka. Walimkuta Mama Lidia uani, anachambua viazi. Jua lilikuwa limeshapanda.

"Kamwene, mwenzangu," Bibi alisalimu. "Tunamtafuta Direkta."

"Kamwene. Amelala," alijibu mama yule bila fahari yoyote. "Ezekieli! Una wageni!"

Ezekieli alitoka amejifunga shuka kiunoni, miwani tayari usoni.

"Shikamoo, Bibi. Karibuni, wadau."

"Marahaba. Tumekuja kuiona filamu. Si uliahidi tutaiona kabla ya wengine?"

Ezekieli alikohoa, akatoa simu. Kwenye kioo alionekana yeye mwenyewe akija polepole na upanga wa mbao. Akageuka. Akaondoka polepole. Kisha akaja tena. Halafu yakatokea maandishi: mtunzi, Direkta Eze, mwongozaji, Direkta Eze, mwigizaji mkuu, Direkta Eze. Ndipo kioo kikawa cheusi. Jina la mdau hata mmoja halikuwamo.

"Imeisha?" Bibi aliuliza.

"Hiyo ni trela tu, Bibi. Ya kuonjesha."

"Na filamu yenyewe iko wapi?"

"Iko kichwani."

"Hebu vua miwani, nikione hicho kichwa."

Ezekieli alivua. Bila miwani alikuwa kijana wa kawaida kabisa, mwenye tongotongo.

"Na mbegu zetu, kaka?" Hosiana aliuliza.

Mama Lidia aliinua kichwa. "Mbegu gani?"

"Magunia mawili ya mbegu za viazi, Mama. Zilikuwa zimeshaota vichipukizi, zimekuwa za kijani. Tulimpa auze, akodi kamera."

Mama Lidia aliweka kisu chini taratibu. "Ezekieli. Ndivyo vile viazi mlivyopika siku ya kushuti filamu?"

Ezekieli alitazama kuku.

"Mteja hakupatikana upesi," alisema mwishowe. "Na waigizaji walikuwa na njaa. Nikaona viazi ni viazi."

"Viazi ni viazi!" mama yake alifoka, kisha akamgeukia Bibi. "Dada yangu, nisikilize. Walipika sufuria kubwa, wakala na uchungu wake wote. Nusu ya jeshi ikaanza kutapika. Waliobaki walipanga foleni chooni kwangu. Huyu jemedari mwenyewe alishinda humo ndani, upanga wake ameuegemeza mlangoni. Filamu ikafia hapo hapo."

"Kumbe hizo ndizo sababu za kiufundi," Bibi alisema.

"Nimekulea kwa viazi," Mama Lidia aliendelea kumwambia mwanawe. "Sare zako zilitoka kwenye viazi. Hata mbuzi wangu kiazi cha kijani hakigusi, maana kina sumu. Wewe umesoma, una miwani, lakini mbuzi anakushinda!"

Hosiana alicheka mpaka akaegemea ukuta. Bibi akamgeukia. "Na wewe usicheke sana. Yeye alimdanganya mtu aliyemwamini. Wewe ulimfanyia nani hivyo?"

Kicheko kikakatika.

Mama Lidia alifungua ghala lake. "Mbegu zipo. Zilikuwa za shamba ambalo huyu angelima mwaka huu kama angekuwa mtu wa kulima. Atazibeba mwenyewe mpaka shuleni, na atachimba matuta mwenyewe."

Jumatatu asubuhi Hosiana hakungoja ukaguzi. Alimwendea Mwalimu Yudita ofisini, akamweleza yote. Kisha akasimama mbele ya darasa, akasema, "Niliwadanganya. Mwalimu hakuwa ameruhusu." Lameki alifungua mdomo, akaona macho ya Hosiana, akaufunga.

"Uenyekiti utaupumzisha," alisema Mwalimu Yudita. "Na mpaka tuvune, wewe ndiye utakuwa wa mwisho kutoka shambani."

Mchana huo Ezekieli alifika na magunia. Alilima kama mtu anayepiga nyoka, kwa hofu na bila shabaha. Viganja vilipoanza kuchubuka alisimama kupumzika, na Lameki, aliyekuwa amesimuliwa trela na Hosiana, akapaza sauti kutoka upande wa pili wa ploti, "Direkta! Tunarudia! Tembea polepole na jembe!" Hata Mwalimu Yudita aligeuza uso ili asionekane akicheka. Lakini matuta yalikwisha, Hosiana akapanda mbegu hadi ile ya mwisho, na matone ya kwanza yalimkuta akifukia udongo peke yake.

Kesho yake asubuhi Bibi aliketi karibu na moto kama kawaida. Hosiana alifungua simu, akaikazia macho.

"Soma."

"Ni picha, Bibi. Kaka Ezekieli ameshika jembe kwenye ploti yetu. Ameandika, 'Wadau, direkta wenu akijifunza uhusika wa mkulima kwa ajili ya filamu ijayo. Michango inaendelea kupokelewa.'"

Bibi aliivuta simu, akaiweka mbali na macho, akaitazama sana.

"Hata kwenye picha jembe kalishika vibaya," alisema, akairudisha. "Sikiliza, mjukuu wangu. Kumsaidia mtu mwenye kazi yake ni jambo jema, usiache. Lakini kwanza mwambie akuonyeshe kitu kimoja alichowahi kukianza na kukimaliza, hata kiwe kidogo kama kigoda. Akikuonyesha, mpe. Akikuonyesha uso wake, mpe kioo. Na unapotoa, toa kilicho chako, wala usiazime jina la mwalimu ili upate kukitoa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi."

"Yeye pia alisema hivyo alipopewa mbegu."

Hosiana aliinamisha kichwa. "Nitaonyesha kwa matendo, Bibi."

"Hapo sawa. Sasa nitoe kwenye hilo kundi, kisha unywe chai. Viazi vyako vimelala na mvua usiku kucha, nenda ukavitazame."