Vifo Kwenye Duka la Magodoro

Maiti wa tisa kwenye kompyuta ya duka la magodoro alikuwa mama mkwe wa Inspekta.

Inspekta alisoma jina, akasoma na namba ya simu, akajifikicha macho. Asubuhi ile ile mama huyo alikuwa amemsema kwa kuingia sebuleni na viatu.

"Wamekufa zaidi ya ishirini, afande," alisema meneja wa duka, shati limemlowa jasho. "Wote mwezi huu. Na wote walijilaza kwenye lile godoro letu jipya kulijaribu. Nimeshalifungia stoo."

Inspekta akapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti ya matanga?"

"Nilitaka kujua tu kama hujambo."

"Sijambo. Viatu umevua?"

Alikata simu huku furaha imemjaa kifuani, jambo ambalo, tuseme ukweli, si kila mkwe hulipata. Konstebo wake akawapigia maiti wengine. Kila mmoja alipokea mwenyewe, na mmoja aligomba kwa kukatizwa chakula.

Meneja alishusha pumzi, kisha hofu ikageuka hasira. "Basi ni huyu." Alimnyooshea kidole fundi wa mfumo, kijana mwembamba aliyeunda programu ya kufuatilia wateja. "Amewaua kwenye kompyuta ili awauze kwa washindani wetu. Kila kifo kimeingizwa kwa neno lake la siri. Mtie pingu, afande."

Fundi aliinua mikono. "Sijamuuza mtu. Mke wangu ana mimba ya miezi minane, afande. Nikilala ndani leo, nani atamwambia?"

"Neno lako la siri analijua nani mwingine?"

"Ofisi nzima. Walichoka kuniita kila saa, nikalibandika ukutani."

Kweli, lilikuwa pale juu ya birika la chai, kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa. Meneja alikohoa.

"Mtu akiulizia godoro, mfumo wako unafanya nini?" aliuliza Inspekta.

"Anaingia kama mtarajiwa, anapewa muuzaji. Muuzaji anampigia. Akionyesha nia ya kununua anapandishwa ngazi, anaitwa fursa, tunampangia bei. Asipopanda ndani ya siku tatu, mfumo unamnyang'anya muuzaji huyo na kumpa mwingine."

"Na huyo mwingine?"

"Anaanza kumpigia upya."

"Mpaka lini?"

"Mpaka akubali, akatae, au afe. Njia ni hizo tu."

Inspekta alipiga simu tena. "Mama, watu wa magodoro wanakusumbua?"

"Acha tu, mwanangu. Nilifika mahali nikawa naificha simu chini ya mto. Nawaambia sinunui kitu mpaka nizungumze na dada yangu, hawasikii. Akaja muuzaji wao mmoja, yule mama wa pacha, tukanywa chai. Akaniambia nishauriane kwa raha zangu, hakuna atakayenipigia tena. Na kweli, kimya."

Inspekta aligeuka. Kwenye meza ya pembeni, muuzaji mkongwe waliyemwita Mama Pacha alikuwa anapanga kalamu zilizokwisha kupangika.

"Mama Pacha, ni wewe uliyewaua?"

Alimtazama fundi, akaona macho yalivyomlowa, akasimama. "Ni mimi, afande. Kijana hana kosa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu maiti hapigiwi simu." Sauti ilimpanda. "Nani ananunua godoro bila kuulizana na wa kwake? Mtu akisema ngoja nizungumze na mume wangu, hajakataa. Lakini mashine haijui kungoja. Inampokonya, inampa mwingine, anapigiwa mpaka analichukia duka zima. Nikasema bora wafe kidogo, wapumzike, washauriane."

"Umenitia hasara!" alifoka meneja.

"Hasara ipi, bosi? Wameshashauriana. Wananipigia wenyewe, wanataka kununua. Ila nikiwapandisha kuwa fursa, mashine inakataa. Inasema marehemu hanunui."

Meneja alichukua kikokotoo. "Wangapi?"

"Karibu wote."

Konstebo ndiye aliyeanza kucheka. Meneja alijitahidi kukaza uso, akashindwa, akacheka mpaka akashika meza. Kisha akamwendea fundi, akampa mkono. "Nisamehe, mwanangu. Nilikurukia bila kuuliza."

Fundi alikaa, akaongeza hatua mpya kati ya mtarajiwa na fursa: anashauriana nyumbani, asipigiwe, atapiga mwenyewe. Mama Pacha alisimama nyuma yake akimtajia wa kuanza nao, na wakaanza kufufua watu, mmoja mmoja, huku ofisi nzima ikishangilia kila anayerudi.

Inspekta alifungua jalada la kesi. Penye muuaji aliandika Mama Pacha. Penye silaha aliandika kompyuta ya ofisi. Penye sababu ya vifo alisita, akauma kalamu, kisha akaandika: "Walikuwa bado wanaongea nyumbani."