Mji Usio na Matabibu

Sokoni Babeli, kati ya vikapu vya tende na mitungi ya bia, Nikanori Mgiriki alijishika tumbo akaanguka juu ya pindo jekundu la vazi la msichana Kashaya, pindo ambalo msichana huyo alilidarizi kwa mkono wake. Kashaya alimtukana kwanza, kisha akamkokota hadi kwa baba yake Mushezibu, tabibu wa mtaa. Dawa ilikuwa chungu. Msichana alikuwa na vishimo mashavuni. Mgonjwa akapona tumbo, akaugua moyo. Hata kabla mavuno ya tende hayajaisha, akaahidi kuleta posa.

Kabla hajaileta, aliwasomea Wagiriki wenzake ukumbini kitabu alichokiandika kuhusu Babeli. Kashaya, aliyefundishwa Kigiriki na Nikanori mwenyewe, alimsikia akisoma kwamba Wababeli hawana matabibu. Mgonjwa hulazwa sokoni, wapita njia wakamshauri.

"Dawa ya nani ilikuponya?" alimuuliza nje.

Akajitetea kwamba vitabu vya wazee wa kwao vilisema hivyo, na watu wanataka Babeli wanayoijua.

"Wanayoijua, hata hawajaikanyaga. Wewe unakula kwetu."

Siku chache baadaye tumbo likamrudia. Alipobisha hodi kwa tabibu, Kashaya alifungua, akamtazama, akaita wapagazi wamlaze sokoni kama kitabu kinavyotaka.

Muuza vitunguu akamshauri ale vitunguu. Mlevi akamshauri bia. Bibi wa tende akamshauri arudi kwao. Kashaya alikaa kando kwenye kigoda, akimfukuzia nzi kwa hasira.

"Kipenzi, mwite baba."

"Baba yupi? Babeli haina matabibu."

"Nilidanganya."

"Sema kwa Kigiriki. Wenzako wale pale wananunua samaki."

Akasema kwa sauti, jasho likimtiririka. Wenzake wakacheka, wakaenda zao na samaki wao.

Mushezibu, aliyekuwa amesimama nyuma ya banda muda wote na bakuli mkononi, akaja kumnywesha. Hapo ndipo Nikanori alipokiri kwamba nakala ya kitabu ilishaondoka na msafara kwenda Antiokia.

Kashaya akafumba macho. Baba yake alikuwa ameinama, anamfuta mgonjwa kinywa, na huko mbali watu wangesoma kwamba hayupo.

"Msafara mwingine lini?"

"Mwezi ukiandama."

"Basi ukiweza kukaa, kaa uandike upya. Ukishatuma, ndipo ulete posa." Akamwekea kitambaa chenye maji kwenye paji la uso, bila upole. "Na jina la baba liwemo."