Pigo la Dakta Ambakisye

Mikono sita ya chuma ilishuka juu ya mgonjwa bila kelele. Hiyo ndiyo Mpasuaji, mashine iliyokwisha kubadilisha nyonga za wazee wengi wa jiji la Mbeya. Kila nyonga iliyoiweka ilikuwa na kinasa hali ndani yake, ukiiuliza, inakujibu.

"Niko salama," ilikuwa imejibu asubuhi hiyo nyonga ya Tusajigwe.

Mumewe, Dakta Ambakisye, mpasuaji mstaafu, hakuisadiki. Mkewe alilalamika ladha ya chuma mdomoni, usikivu wake ulikuwa ukififia, na juzi alipotea njia ya kanisani. Alimpima damu kwa mkono wake. Ilijaa kobalti, metali ya nyonga zile.

Sasa alisimama nyuma ya kioo pamoja na Lusekelo, injinia wa mashine ile, wakitazama mgonjwa mwingine akiwekewa nyonga.

"Nyonga haidanganyi, baba," alisema Lusekelo bila kumtazama.

"Inapima nini? Mwendo na uzito! Kutu hukaa pale tufe la nyonga linapovikwa kwenye shina lililo ndani ya mfupa, metali mbili zinaposuguana. Pale mmeweka jicho?"

Lusekelo akatikisa kichwa.

Ndani, Mpasuaji ilivika tufe kwenye shina, ikagonga. Pigo jepesi, kama mkamwana anayebisha hodi kwa baba mkwe.

"Isimamishe! Huo ni mkono wangu!"

"Ndiyo, baba. Ilijifunza kwa picha za upasuaji wako."

"Siku zile matufe yalikuwa ya kauri, ukizidisha nguvu yanapasuka. Haya ni ya chuma! Ukiyabembeleza hayashiki. Yanacheza, majimaji ya mwili yanapenya, chuma kinaliwa. Mlijua?"

Lusekelo akabonyeza kitufe, mikono sita ikasimama.

Sheria ya jiji haikumruhusu tena binadamu kushika kisu. Kwa hiyo kesho yake Mpasuaji ndiyo iliyomfungua Tusajigwe abadilishiwe tufe, na Ambakisye akavaa glavu ya kufundishia. Mikono ya chuma ingeiga pigo lake, na mashine zote za aina ile zingejifunza.

Tusajigwe alikuwa macho, amekufa ganzi kuanzia kiunoni kushuka tu.

"Mbona hupigi, mzee wangu?"

"Naogopa kukuumiza."

"Umenishika kama yai tangu unioe. Leo piga, bwana!"

Akapiga. Meza ikatikisika.

Tusajigwe akacheka, kisha kicheko kikamkauka. "Na wenzangu wa kwaya je? Wamewekewa hizi hizi."

Nyuma ya kioo, Lusekelo aliinamisha kichwa. Muuguzi akaja kumvua mzee glavu.

Ambakisye akarudisha mkono nyuma, glavu ikiwa bado imevaliwa.

"Waiteni," alisema. "Wote waliowekewa hizi."