Mama Hakula

Haya niliambiwa na Lornah mwenyewe, binti wa marehemu Opondo wa Asembo Bay, Jumapili moja ya Januari mwaka huu, akinipima gauni la Pasaka. Alikuwa na pini mdomoni, akawa anazitoa kila akitaka kusema. Mimi nilisimama tu, mikono juu, nikasikiliza mpaka mwisho.

Lornah ni fundi wa nguo mjini Kisumu. Anashona sare za shule, na anashona gauni za harusi za watu wengine. Nyuma ya duka analoshonea kuna hoteli ndogo ya Kihindi ya mama mmoja anayeitwa Hansa, na kwa miaka Lornah aliinusa tu hiyo hoteli: bizari, vitunguu vikikaangwa, maziwa yakichemka na iliki. Kuingia, hapana. Ijumaa moja mwenzake wa cherehani, Rachael, akamshika mkono.

"Leo ni basdei yangu. Twende tukale bufe. Unalipa mara moja, unajipakulia mpaka tumbo iseme basi."

Ndani kulijaa watu wa benki, wanafunzi, wazee wa Kihindi na magazeti yao. Sufuria zilipangwa kwa meza ndefu zikitoa mvuke. Lornah alikuwa amevaa blauzi ya manjano aliyojishonea, mabega ya kuvimba, na alivyoona watu wengi hivyo akaogopa chakula kitaisha. Akapakua vyote kwa sahani moja: wali, dengu, viazi, chapati juu kama kifuniko. Mwishoni akaona vidonge vya mviringo vyenye rangi ya udongo. Akavichukua vitatu, akavimwagia pilipili.

"Dada, ngoja!" mwanamume wa nyuma yake akasema. "Hiyo ni kitu tamu, ya kula mwisho."

"Tamu aje? Si ni nyama?"

"Hapa hakuna nyama. Hawa hawali nyama."

"Na samaki?"

"Hata samaki."

Lornah akageuka amwangalie kama anamdanganya. "Sasa mtu anashiba na nini?"

Yule mtu akacheka mpaka kijiko kikamwanguka. "Usijali. Mimi mara ya kwanza nilizikatia kitunguu. Mpaka wa leo Mama Hansa ananiita Bwana Kitunguu."

Alikuwa mrefu, shati la mistari, na kabla Lornah hajauona uso wake vizuri aliona shati limekosa kifungo cha pili.

"Shati yako inalia kifungo."

"Nilikuwa nangojea fundi."

Jina lake Kahiga. Alikuwa na duka la vyombo karibu na stendi ya mabasi, na hata sahani aliyoshika Lornah ilitoka dukani kwake. Babake aliuza vyombo hapo hapo Kisumu kabla yake, mpaka mwaka ule wa vurugu za uchaguzi duka likaporwa kwa sababu yeye ni mtu wa milimani, mzee akarudi kwao Karatina na hakutaka tena kusikia habari ya ziwa. Kahiga alikuwa kijana wa shule wakati huo. Alipokua akarudi. Alisema hakuna mahali pengine anapojua njia gizani.

Kifungo kilishonwa Jumatatu. Basi ikawa Ijumaa ni ya bufe, na siku zingine ni za simu.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula ngege, samaki wa kwetu ziwani. Wewe umekula nini, viazi na viazi?"

"Ukinipikia hiyo ngege nitakula na mifupa yake."

"Utakufa, mtu wa milima! Nani ataninunulia bufe?"

"Kumbe unanipendea chakula."

"Nakupendea sahani. Kata simu, kuna mteja."

Hakukata yeye, wala hakukata Kahiga. Rachael alikuwa anawasikia anasonya.

Wakaenda hivyo mwaka mzima. Kahiga akasema sasa anataka kumwona mama, ajue kama atapokewa, kabla hajawaleta wazee wake kutoka Karatina. Hilo ndilo lilimtia Kahiga hofu. Babake alikuwa amemwambia, "Nitakuja Kisumu ukiniambia huyo mama amekupokea. Vinginevyo sifiki."

Mama yake Lornah, Jacinta, ni mjane. Anakausha omena, dagaa wa ziwani, huko Asembo, hana maneno mengi. Mwezi wa Mei alikuja mjini kutazamwa macho. Kahiga akasema, "Tumlete pale tulipokutana. Atajipakulia anachotaka, asione nimemlazimisha kitu."

Alinyoa ndevu, akavaa lile shati la mistari. Mezani aliweka sanduku la sahani mpya za udongo mweupe, mduara wa buluu pembeni, limefungwa kwa kamba. Mama Jacinta akaingia na gauni la kitenge na leso. Alipomwona Kahiga amesimama kumngoja, akaivuta leso ikafunika mpaka paji la uso. Kahiga akanyoosha mkono. Mama akaficha mikono yake chini ya leso, akasalimia akiangalia sakafu.

"Mama, karibu. Keti hapa."

Akaketi upande, kama mtu anayengoja kuitwa.

"Twende tupakue, Mama," Lornah akasema.

"Pakueni nyinyi."

Kahiga akamletea sahani mwenyewe. Alikuwa ameichagua kwa uangalifu, vya pilipili ameviacha, tamu ameiweka kando kwa bakuli. Akaiweka mbele yake kwa mikono miwili. Mama akageuza uso ukutani. Lornah akala, Kahiga akala kidogo, mvuke wa ile sahani ukaisha.

Mama Hansa mwenyewe akaja. "Mama, chakula si nzuri? Nilete chapati moto?"

"Ni nzuri. Nimeshiba."

"Umeshiba nini na wewe hujala?"

Mama Jacinta akaivuta leso tena. Mwisho akamwambia Lornah kwa lugha yao ya Dholuo amshukuru kijana kwa zawadi, akajitwika lile sanduku, akaenda stendi hata hataki kusindikizwa.

Kahiga na Lornah walitembea mpaka mlango wa duka la cherehani.

"Umeona," Kahiga akasema.

"Nimeona."

"Mkono wangu amekataa. Chakula nilichopakua amekataa."

"Pengine macho yanamuuma."

"Lornah, mwaka ule majirani zetu walianza kwa kukataa chai ya mama yangu. Watu tuliokula nao kila Krismasi. Hiyo sura naijua. Siwezi kumleta baba aje aione tena."

Lornah alitaka kusema mama yake si mtu wa hivyo. Lakini alikuwa na aibu, na aibu ikawa hasira. Mila za kwao alizijua, ila hazikumjia akilini siku hiyo. Alijua tu mama yake amemdharau mtu anayempenda. Akasema, "Basi mimi nitafanya nini? Ndiye mama niliye naye."

Kahiga akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu.

Simu zikapungua. Fundi wangu ikawa Lornah, Lornah ikawa kimya. Mwezi wa Agosti Rachael alipita stendi akakuta duka la vyombo linauza viatu. Kahiga alikuwa amerudi Karatina.

Na mama? Lornah hakumwuliza. Alipiga simu fupi, "Niko sawa, Mama," akituma cha matumizi na kukata. Mama naye hakuuliza. Huko Asembo alidhani binti anaona haya kuzungumzia bwana na mama mzazi, akaona hiyo ni tabia nzuri.

Desemba Lornah akaenda nyumbani. Alikuta ukuta umepakwa upya, na chumba kimegawanywa kwa pazia jipya katikati. Juu ya kabati sanduku limekaa na kamba yake, halijafunguliwa.

"Watu wa mkwe wangu wanakuja lini?" mama akauliza, akimpa maji. "Nataka kujua kama nitafute jogoo sasa au baada ya Krismasi."

"Mkwe gani?"

"Yule wa sahani. Kwani una mwingine?"

Lornah akaweka kikombe chini. "Mama, wewe ulikataa chakula chake! Ulikataa hata mkono!"

Mama akamtazama kama anayetazama mgonjwa.

"Ulitaka nile mbele ya mkwe wangu? Nipanue mdomo, nitafune, yeye ananiangalia? Wewe nyathina, mwanangu, nilikulea wapi?"

Mila hiyo kila mtu wa ziwani anaijua, mama mkwe hali mbele ya bwana wa binti yake wala hashikani mkono naye. Lornah pia aliijua. Lakini alidhani inaanza ng'ombe wa mahari wakishafika boma.

"Alikuwa bado si mkwe, Mama."

"Kwako. Mimi nilimwona pale amesimama kunipa kiti, nikajua. Angekuwa mgeni tu, ningekula. Njaa nilikuwa nayo, tangu asubuhi sikuwa nimekula kitu." Akalionyesha pazia. "Na hili nimeliweka ili wageni wale upande ule, mimi nikae huku na wanawake."

Lornah akatoka na simu mpaka ufukweni, kwenye nyavu inakoanikwa omena. Iliita muda mrefu.

"Fundi?"

Akamweleza yote, moja kwa moja, bila kupumua. Upande ule akasikia ng'ombe wa huko analia.

"Mbona hakuniambia?" Kahiga akasema.

"Mkwe haambiwi. Anaona."

"Na wewe? Mbona hukumwuliza hata siku moja?"

"Niliona aibu."

"Jumamosi tulipeleka mbuzi wa mahari kwa kina Charity, msichana wa huku," Kahiga akasema taratibu. "Wazee wamekula, Lornah."

"Unampenda?"

"Ni mtu mzuri. Hana kosa lolote."

"Basi usimkosee."

"Kile kifungo chako," akasema, "bado kimeshika."

Lornah akakata simu.

Mama alikuwa mlangoni. Alipoambiwa hakulia wala hakuuliza jina la msichana. Alipanda kigoda, akateremsha sanduku, akakata kamba kwa kisu cha samaki. Akaosha sahani mbili. Akapakua ugali na ngege, akaweka ya Lornah, akaweka yake, akaketi katikati ya nyumba, mlango wazi, leso imeanguka mabegani.

"Sasa si mkwe wangu tena," akasema. "Naweza kula."

Akala. Alikula polepole, chozi likishuka mpaka kwenye ule mduara wa buluu, hakulifuta. Lornah naye akala kwa sababu mama anakula.

Kuku walipomaliza kuingia ndani, mama alikuwa amelala palepale kwenye mkeka. Lornah akamfunika leso. Akaosha sahani, akazifuta, akazirudisha kwenye sanduku pamoja na zile ambazo hazijaguswa. Akalivuta pazia likafunguka, nyumba ikawa chumba kimoja tena. Akajilaza ubavuni mwa mama yake, akasikiliza maji ya ziwa yakigonga mawe, mpaka naye usingizi ukamchukua.