Habari za Mikono

Mama Vifungo alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alipewa na wateja. Kifungo alichokishona yeye kilikuwa hakidondoki mpaka shati lenyewe lichakae. Kisha jina likageuka kejeli, maana asubuhi hakuweza kufunga hata vifungo vya gauni lake.

Kila alfajiri vidole vyake viliamka vimevimba na kukakamaa. Vilikaa hivyo mpaka jua liwe juu. Siku za kliniki, binti yake alimtilia maji ya moto kwenye beseni. Mama aliloweka mikono mpaka vidole vikubali kukunjika. Kisha binti alimvalisha gauni zuri na kumchana nywele.

"Mama, si uende hivyohivyo, daktari akuone ulivyo?"

"Niende kwa watu kama gunia? Hebu lete viatu."

Foleni ilikuwa ndefu, na zamu yake ilifika mchana. Daktari hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wagonjwa wengi na haraka nyingi.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo, daktari."

"Habari za mikono?"

"Nzuri, tunamshukuru Mungu."

"Hebu kunja ngumi."

Mama alikunja. Mchana vidole vilikuwa vimelegea.

"Safi. Endelea na dawa zilezile."

Karibu miaka miwili ilipita hivyo. Hospitali habari nzuri, nyumbani kilio. Kola zikaanza kwenda upande. Vifungo vikadondoka. Wateja wengine waliaga kwa adabu, wengine hata hawakuaga. Mama alikaa mbele ya cherehani yake akiitazama tu, na moyo ulimuuma kuliko vidole.

Siku moja ya kliniki gesi iliisha. Maji ya moto hayakuwepo. Siku hiyohiyo binti alimwahisha mama, wakawa wa kwanza kwenye foleni. Safari hii binti aliingia naye ndani.

"Habari za mikono, mama?"

"Nzuri, daktari."

"Kunja ngumi."

Vidole havikusogea. Daktari alimgusa kidogo tu, mama akapiga ukelele.

"Haya yameanza lini?" daktari aliuliza. "Sasa mama, mbona ulinyamaza? Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Binti alichemka. "Hakuficha, daktari. Umemsalimia, ameitikia salamu. Ulitaka akuitikieje? Umewahi kumuuliza akiamka anashindwa nini?"

Mama alimkanyaga binti mguu chini ya meza. Maji ya shingo! Daktari atagombezwa na mtoto? Lakini daktari alisukuma makaratasi pembeni.

"Nakuuliza sasa, mama. Leo tangu uamke umeshindwa nini?"

Mama alitazama sakafu. "Bomba la maji. Kikombe. Kitana." Akaficha mikono chini ya meza. "Mfuniko wa chupa ya dawa. Binti akitoka mapema, dawa sinywi, siwezi kuufungua." Sauti ikazama. "Na chooni nasaidiwa, daktari. Naona aibu."

Daktari alivuta kiti karibu.

"Mama, ugonjwa wako ni baridi yabisi. Hauletwi na kufua kwa maji baridi, wala si uzee. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inageuka na kushambulia viungo vyako mwenyewe. Ndiyo maana asubuhi vinavimba na kukakamaa kwa muda mrefu. Tutabadilisha dawa. Utazinywa kila inapopasa, na tutakupima damu mara kwa mara. Ukipata nafuu, usiache bila kuniambia."

"Vidole vitanyooka?"

"Maumivu na uvimbe vitapungua. Vilivyokwisha kupinda, dawa haivinyooshi."

"Na kama ningesema mapema?"

"Kama ningeuliza mapema," alisema daktari.

Mama alilia palepale, mbele za watu, na gauni lake limefungwa vifungo upande. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mwezi uliofuata daktari aliwaita wagonjwa wa viungo wakae na wahudumu wa kliniki, waseme wanayoyapata. Wahudumu wengine walinuna. Wagonjwa walisema hata hivyo. Mmoja alisema benchi la foleni ni la chini mno, akikaa hainuki. Mwingine alisema dawa inamchafua tumbo, naye aliogopa kufokewa. Mama Vifungo alieleza habari ya beseni lake, na wenzake watatu wakacheka kwa uchungu. Kumbe nao walikuwa na mabeseni yao.

Kliniki ikabadilika. Dawa zikatolewa kwenye vyombo vyepesi kufungua. Benchi likainuliwa. Wagonjwa wakaambiwa waje walivyoamka. Na baada ya salamu, swali la kwanza likawa moja: asubuhi unashindwa nini?

Mama Vifungo naye akawa mkali wa kuwahoji wenzake kwenye benchi. Siku moja alikaa karibu na msusi kijana, mgeni wa kliniki.

"Habari za mikono, mwanangu?"

"Nzuri tu, mama."

"Mwongo wewe! Mikono mizuri, mbona mkoba unaubeba kwa kiwiko?"

Msusi alicheka, kisha machozi yakamtoka. Alipoingia kwa daktari alisema yote. Akaanza dawa mapema, na vidole vyake havikupinda.

Mama Vifungo sasa anakunywa chai mwenyewe na anakwenda chooni mwenyewe. Cherehani anaiendesha binti, na vifungo vinashonwa na fundi wa mtaa wa pili. Jina bado wanamwita lilelile.

Juzi msusi alikuja kumsuka. Vidole vyake vilikimbia kichwani, vyepesi na vyenye nguvu. Mama alivisikia akavionea wivu, wivu wa kweli, huku mikono yake imelala mapajani.

"Nakuumiza, mama?"

Neno "hapana" lilikuwa tayari mdomoni. Mama Vifungo akalimeza.

"Ndiyo, mwanangu. Unaniumiza."

Msusi akalegeza.