Ekseli ya Baba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Akwi aliipaka grisi ekseli ya baiskeli ya baba yake. Ilikuwa ya magurudumu matatu, ya kuendeshwa kwa mikono. Mzee Ojulong aliitumia kuvusha mizigo mpakani Busia tangu ajali ilipomharibia mguu. Ndani ya mguu huo daktari alikuwa ameweka bamba la titani, na Mzee alilisifu kupita kiasi. "Miaka sita, mwanangu, na halina kutu hata chembe!"

Ekseli ilipopinda, baba alimpa Akwi fimbo mpya ya chuma kigumu ampelekee fundi Zainah aichonge iwe ekseli mpya. Njiani, kwa Oguttu muuza vyuma chakavu, Akwi aliona fimbo ya titani yenye unene uleule, lakini nyepesi karibu nusu. Moyo ukamdunda. Baba angepata chuma bora kuliko vyote! Akaibadilisha palepale na ile ya baba.

"Baba ndiye amenituma na hii," alimwambia fundi.

Zainah aliigusisha kwenye jiwe la kunolea la umeme. Cheche zikaruka nyeupe pe. "Hii titani," alisema. "Baba yako alinipigia simu, akaniambia anatuma chuma. Hebu lete rula yako ya shule."

Alibana fimbo ya titani kwenye jiliwa, akatundika nchani mtungi wa lita ishirini uliojaa maji. Ncha ilishuka karibu milimita kumi. Kisha akabana fimbo yake mwenyewe ya chuma, yenye unene na urefu uleule. Ikashuka milimita tano tu.

"Unaona? Titani ina nguvu, tena haivunjiki ovyo. Lakini inanepa. Baba yako akipakia magunia ya mahindi, magurudumu yatakwaruza fremu, na pale mpakani penye malori mengi…"

Akwi hakungoja amalize. Machozi yalimtoka. "Nilikudanganya, shangazi. Nilibadilisha mwenyewe. Nilitaka baba apate kitu kizuri."

"Basi kimbia kwa Oguttu kabla hajafunga."

Oguttu alicheka, akarudisha fimbo ya chuma bila ubishi. Jioni ekseli mpya ilikuwa imefungwa, na Akwi akamweleza baba yake kila kitu bila kuficha.

Mzee Ojulong alimvuta karibu. Alimpenda mtoto huyu hata alipomkasirisha.

"Mguuni titani inanifaa, kwa sababu ni nyepesi na mwili unaikubali. Chuma hiki ni kigumu kupinda, ila kina kromi kidogo tu, madini ya kuzuia kutu, kwa hiyo kinapata kutu kisipopakwa grisi, na hiyo kazi ni yako. Hakuna kilicho bora kwa kila kazi. Na wewe ukiwa na wazo zuri, niambie kwanza. Usimsingizie baba jambo ambalo hakulisema. Anayekalia ekseli ni mimi."

Akwi alijifuta macho, akaenda kuchukua kopo la grisi.