Ukifika Jumba la Roshani

Kila Ijumaa alasiri, Bibi Hamisa wa Kinondoni alifunga kikapu. Alitia unga wa ulezi, ndizi mbivu chache na visheti sita, kisha akamwita mjukuu wake.

"Tabu, mpelekee shangazi yako. Umtazame vizuri, uje unambie hali yake."

"Haya, Bibi."

Tabu alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Shangazi yake, Kibibi, alikaa upande wa kuelekea Msasani, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Alikuwa mjamzito. Mtoto wake wa kwanza alifariki siku ileile aliyozaliwa, kwa hiyo Bibi, ambaye mguu mbovu ulimzuia kutembea mbali, hakuwa na raha mpaka asikie habari zake.

Njia yenyewe haikuwa na taabu. Watu wote waliielekeza kwa maneno yaleyale: "Ukifika Jumba la Roshani, kata kushoto." Jumba hilo la ghorofa moja lilijengwa zamani na tajiri wa mbata za nazi, kwa mawe na chokaa. Roshani yake ya mbao ilichomoza kati ya minazi, ukaiona toka mbali.

Tatizo ni kwamba Tabu hakuwa akifika huko. Wenzake walicheza rede kwenye kona ya duka kila Ijumaa, na rede ilimkolea. Basi kikapu alimkabidhi rafiki yake Mwanakombo, aliyekaa upande ule, na ujira ulikuwa visheti viwili. Jioni Tabu alirudi nyumbani na kusema kwa macho makavu, "Shangazi hajambo, Bibi. Anakula na kucheka." Ijumaa nne zilipita hivyo.

Jumamosi moja asubuhi, Kondo, mume wa shangazi, alifika na baiskeli huku jasho likimtiririka. Uchungu ulikuwa umeanza. Bibi alijitanda kanga na kupanda nyuma ya baiskeli.

"Tabu, kimbia zahanati ukamwite mkunga! Mwonyeshe njia!" alisema, na baiskeli ikaondoka.

Mkunga aliitwa Bi Auleria. Alitoka Bukoba, na hapa Dar es Salaam alikuwa na miezi miwili tu. Alifunga mkoba wake mkubwa kwenye keria ya baiskeli, akamgeukia Tabu.

"Huku nyuma hamna nafasi ya mtu. Njia unaijua vizuri? Kama una shaka niambie, tutatembea pamoja."

"Hata nikifumba macho nafika," alisema Tabu.

"Mara ya mwisho ulipita lini?"

Tabu alisita. Bibi alijisifu kwa majirani wote kwamba mjukuu wake hakosi kwa shangazi. Angesemaje kweli sasa?

"Jana," alijibu. "Nenda moja kwa moja hadi Jumba la Roshani. Haliwezi kukupotea. Kata kushoto, nyumba ya tatu."

Bi Auleria alipanda baiskeli, akaenda zake. Tabu alishusha pumzi. Mambo yamekwisha, aliwaza, akaanza kufuata polepole. Alipofika kona ya duka alikutana na Mwanakombo akiwa na ndoo kichwani.

"Shangazi anajifungua," Tabu alimwambia. "Nimemwelekeza mkunga akate kushoto kwenye Jumba la Roshani."

Mwanakombo alitua ndoo. "Roshani ipi wewe? Si wamelivunja! Wiki ya pili hii. Wanapitisha barabara."

"Mbona hukunambia?"

"Nikwambie nini na kila mtu anajua?"

Tabu hakungoja zaidi. Alitimua mbio peku, akijutia kila kisheti alichowahi kutoa.

Alipofika alisimama kama mgeni. Minazi ilikuwa imekatwa. Mahali pa jumba palibaki lundo la mawe, na mbele yake barabara pana ya udongo mwekundu ilinyooka. Nyumba mpya za mabati zilipangwa kwa safu, zote sura moja. Bahari, ambayo toka hapo haikuwa ikionekana, sasa ilionekana kwa mbali. Palikuwa pazuri, lakini Tabu hakujua tena kushoto ni kushoto kwa kitu gani.

Mfanyakazi mmoja alikuwa akipakia mawe kwenye mkokoteni.

"Shikamoo, babu. Umemwona mama mwenye baiskeli?"

"Marahaba. Kapita hapa anauliza jumba. Nikamwonyesha lundo hili, nikamwambia jumba ndilo hilo. Akadhani namtania, kaenda zake kule."

Alama ya magurudumu ilionekana kwenye udongo. Tabu aliifuata mbio hadi alipomwona Bi Auleria akirudi, anaikokota baiskeli, uso umekunjamana.

"Mtoto, hilo jumba liko wapi?"

Tabu angeweza kusema limevunjwa asubuhi ileile. Uongo ulimjia mdomoni, tayari kabisa. Lakini alimkumbuka shangazi yake.

"Nilikudanganya, mama. Jumba limevunjwa. Mie sijapita huku mwezi mzima."

Bi Auleria alimkazia macho. "Hayo baadaye. Sasa unaweza kunifikisha au huwezi? Sema kweli."

"Sina hakika. Nitajaribu."

Walirudi hadi kwenye lundo. Tabu aliangaza huku na huku, machozi yakimlenga. Ndipo alipoona mbao zimefunika kitu chini. Kisima cha jumba! Zamani alikunywa maji pale kila alipopita. Alizunguka ukingo akiupapasa, hadi vidole vyake vilipogusa mikato iliyochimbwa na kamba za ndoo. Watu walisimama upande huo kuchota, na ukisimama hapo, njia ya shangazi ilikuwa mbele yako. Alisimama, akatazama. Nyuma ya safu ya nyumba mpya aliona kijia chembamba.

"Ni pale!"

Walipofika nyumba ya tatu walisikia shangazi akigumia. Bi Auleria aliingia bila hata kuvua viatu. Tabu alikaa uani akimwomba Mungu, mpaka mtoto alipolia.

Bi Auleria alitoka akijifuta mikono. "Msichana. Kamba ya kitovu ilimzunguka shingoni. Tungechelewa kidogo tu..."

Tabu aliangua kilio. Alimweleza Bibi yote: rede, kikapu, visheti, na "jana" ya uongo.

"Nilijua tangu asubuhi," alisema Bibi. "Nilipoona pale peupe nilijiuliza, mjukuu wangu anayepita kila Ijumaa, mbona hakunambia jumba limekwenda?"

Alimvuta karibu. "Sikiliza, Tabu. Jumba lile mie nililiona likijengwa, nikiwa kama wewe. Kabla yake palikuwa na mihogo tu. Mji haumngoji mtu. Hizo nyumba za mabati nazo watu watazitumia kuelekeza njia. Kubadilika si kosa. Kosa ni kusema umeona usichokiona. Ukisema hujui, mtu atamuuliza mwingine. Ukimdanganya, hata hiyo nafasi umemnyang'anya."

Bi Auleria aliitikia kwa kichwa. "Na leo, uliposema huna hakika, ndipo tulipofika."

Adhabu ilikuwa moja: Tabu amtekee shangazi maji kila siku mpaka arobaini yake iishe. Alienda bila kukosa. Jioni Bibi, mguu ukiwa juu ya kigoda, aliuliza, "Leo umeona nini?" Tabu alimweleza kila kitu: kokoto zimemwagwa, mbao za kisima zimeondolewa, minazi midogo imepandwa kando ya barabara. Kidogo kidogo Bibi aliujua mtaa mpya bila kuukanyaga.

Siku ya arobaini, mzee mmoja mgeni alimsimamisha Tabu njiani.

"Mjukuu, nyumba namba tisa ni ipi?"

"Shikamoo, babu. Jana nilipopita zilikuwa hazijaandikwa namba," alijibu Tabu, akatua ndoo yake. "Ya leo siyajui. Twende tukaangalie."